Mke, Mume na Mwezi Mpevu: Riwaya Ambayo Mombasa Haijaiandika

Fantasia ya mjini ni tawi la riwaya za ajabu linaloziacha falme za kubuni na misitu ya kale, likawaweka viumbe wake katika mji unaojulikana, wenye majina ya mitaa, kodi za nyumba, foleni za magari na polisi. Jirani wa ghorofa ya pili ni mchawi, mwenye gereji ni kitu kingine kabisa, na mji wenyewe haujui, au unajua ukanyamaza. Tawi hili lilikomaa Marekani na Kanada. War for the Oaks ya Emma Bull, iliyotoka mwaka 1987 na ambayo visa vyake vinatukia Minneapolis, huhesabiwa miongoni mwa riwaya zilizolifungulia njia. Kufikia miaka ya 2000 vitabu vya aina hii vilikuwa vikitoka kwa mfululizo, mhusika yule yule, mji ule ule, mwaka hadi mwaka. Wasomaji wa Afrika Mashariki huvipata kwenye simu au kwenye meza za vitabu vya mitumba, mara nyingi cha tatu kikitangulia cha kwanza.

Ndani ya tawi hilo kuna kikundi kidogo chenye ladha ya pekee: mifululizo ambayo wahusika wake wakuu ni mke na mume, na wote wawili hugeuka mbwamwitu. Mmoja unaosomwa sana ni Alpha and Omega wa Patricia Briggs, ulioanza na hadithi moja mwaka 2007, ukaendelea na riwaya Cry Wolf mwaka 2008, na kufikia riwaya ya sita, Wild Sign, mwaka 2021. Charles Cornick ni mtoto wa kiongozi wa mbwamwitu wa Amerika Kaskazini, na kazi yake ni kuwaadhibu wenzake wanaovunja sheria. Anna Latham ni msichana wa Chicago aliyegeuzwa bila ridhaa yake na kuteswa na kundi lile lile lililopaswa kumlinda. Carrie Vaughn naye alimbuni Kitty Norville, mtangazaji wa redio wa kipindi cha usiku mjini Denver, ambaye katikati ya mfululizo anaolewa na wakili wake, Ben. Mfululizo huo ulianza mwaka 2005 na kukamilika mwaka 2015 kwa kitabu cha 14. Kelley Armstrong wa Kanada, tangu Bitten ya mwaka 2001, amewafuata Elena na Clayton hadi wakalea pacha.

Hadithi ya mapenzi kwa desturi hukoma arusini. Maharusi wakishaingia ndani, msimulizi hufunga mlango na wasikilizaji huenda zao. Mifululizo hii huanzia pale mlango ulipofungwa. Suala la kama wawili watapatana limekwisha. Linalobaki ni namna watakavyoishi, na hilo lina masuala madogo yasiyokwisha. Nani atamwambia mwenzake kwamba mbinu yake ya kumlinda ni kumfungia? Mume aliyezoea kutoa amri nje ya nyumba anaivulia wapi amri hiyo akirudi? Jamaa za mume wana haki gani jikoni kwa mke? Msomaji aliyekaa katika ndoa miaka kumi huyatambua haya kwa urahisi kuliko anavyoyatambua mapambano ya meno na makucha.

Briggs amelifanya jambo hili kwa ustadi kuliko wenzake. Katika ulimwengu wake kila mgeukaji ana nia mbili ndani ya mwili mmoja, ya mtu na ya mnyama, na nia hizo hazikubaliani kila siku. Mbwamwitu aliye ndani ya Charles anamchagua Anna kabla Charles mwenyewe hajajua la kufanya. Aliye ndani ya Anna anamwamini mume huyo wakati Anna bado anashtuka mkono wa mwanamume ukiinuliwa. Nyumba ya watu wawili ina nia nne, na ndoa inafungwa kwa mafungu. Isitoshe, wageukaji wa Briggs hunusa uongo. Uongo mdogo wa kila siku, ule unaozuia vita vya kila siku, hauwezekani, na wahusika hulazimika ama kunyamaza ama kusema kweli yote. Hapo ndipo ilipo raha hasa ya kuvisoma. Umbo la ajabu limeondoa pazia ambalo ndoa za kawaida hujisitiri nalo.

Kasoro zipo. Makundi ya mbwamwitu yana ukubwa na udogo wa kijeshi ambao mara kwa mara huwa kisingizio cha wanaume kuamrisha, na mwandishi huonekana kuufurahia hata pale anapoukosoa. Charles amepewa mama wa asili ya Wahindi Wekundu, na baadhi ya kurasa hizo zinaelemea picha ya mganga mkimya wa milimani ambayo watu wa asili wa Amerika wameichoka siku nyingi. Msomaji wa pwani, anayejua jinsi wageni wanavyoipenda picha ya Mswahili na mashua yake wakati wa magharibi, atalihisi hilo mara moja.

Kisiwa cha Mombasa hakina mbwamwitu. Mnyama wa bara aliyewekewa heshima ya kutisha katika nchi iliyo nyuma yake ni fisi: Charles New, mmisionari aliyekaa Ribe, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1873 jinsi Wamijikenda walivyomheshimu fisi na kumwombolezea akifa. Ndani ya Mji wa Kale wenyewe kiumbe wa kutiliwa shaka ni paka. Wamejaa kuanzia uchochoro wa nyuma ya Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, hadi soko la samaki na Bandari ya Kale, na watoto hukanywa wasimpige paka usiku kwa kuwa haijulikani ni nani. Wengine husema hivyo kwa mzaha, lakini hata wao jiwe hawalirushi.

Nyuma ya paka huyo kuna elimu kamili. Jini, kwa imani ya Kiislamu, ni kiumbe aliyeumbwa kwa ndimi za moto, mwenye hiari, mwenye dini au asiye na dini, na Kurani ina sura nzima yenye jina lake. Mapokezi yanawagawa majini katika wanaoruka, wanaokuja kwa sura za nyoka na mbwa, na wanaohama na kutua. Swali la ndoa kati yao na binadamu halikuachiwa wasimulizi wa barazani peke yao. Badr al-Din al-Shibli, mwanachuoni wa karne ya 14, aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za majini, na suala la nikaha limo. Imam Malik anasimuliwa kwamba hakuona katazo la wazi la dini, ila alilichukia jambo lenyewe kwa sababu moja ya kimjini kabisa: mwanamke angeonekana ana mimba, akiulizwa mume ni nani angejibu kwamba ni jini, na ufisadi ungeenea. Mwanasheria huyo wa Madina wa karne ya 8 alikuwa ameona mbali kuliko waandishi wengi wa fantasia. Hofu yake ilikuwa juu ya majirani, ushahidi na jina la mtoto.

Pwani imeufinyanga urithi huo kwa mikono yake. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha mwanamke mrembo, amejifunga buibui, amejitia manukato, anayesimamisha gari usiku au kukutana na mwanamume ufukweni. Mambo yanakwenda vizuri hadi mwanamume anapoinamisha macho na kuona kwato. Morocco wana wao, Aisha Kandisha, mwenye miguu ya ngamia au ya mbuzi. Chanzo kimoja cha mbali huenda ni masimulizi yaliyomzunguka Bilkisi, Malkia wa Sabaa. Kurani inaeleza kwamba aliingia katika jumba la Nabii Suleiman, akaidhani sakafu ya vioo kuwa ni maji, akafunua miundi yake. Wasimulizi wa baadaye waliongeza kwamba mama yake alikuwa jini, na kwamba sakafu ile iliwekwa makusudi kwa sababu ya uvumi kwamba miguu yake ni ya punda. Kitu kinachosahaulika na wanaokisimulia kisa cha kwato ni kwamba, katika masimulizi mengi ya kale, mwisho wa hadithi ya Bilkisi ni ndoa na Suleiman. Mwanamume wa usiku wa Mombasa hukimbia, na kisa kinakwisha hapo. Hakuna aliyeuliza yule mwanamke alikuwa akienda wapi.

Hapo ndipo penye upungufu. Kisa cha kwato ni cha dakika tano. Ni mtego, si maisha. Hata jini mahaba, ambaye angefaa kuwa mhusika mkuu wa riwaya ndefu, husimuliwa kama ugonjwa. Anampenda binadamu, anamwonea wivu, anavunja posa zake, anamtokea ndotoni. Jamaa wanaleta mtu wa kusoma, kombe linaandikwa kwa zafarani na kunywewa, jini anaondoka au anagoma. Simulizi zima ni la jamaa na mganga. Wapenzi wenyewe hawapewi nafasi ya kuzungumza.

Na hali maisha halisi ya pwani ni tajiri kuliko visa hivyo. Mwanaanthropolojia Kjersti Larsen, katika kitabu alichokitoa mwaka 2008 juu ya mji wa Zanzibar, ameeleza kwamba pepo wa huko wana jinsia, umri, dini na makwao. Ruhani ni Mwislamu wa Uarabuni, hutaka udi na maji ya marashi. Kibuki ni Mkristo wa Bukini, yaani Madagaska, na wa Ngazija, hutaka brandi. Mtu anayepandwa na pepo huitwa kiti chake, na pepo wa kiume aweza kuwa na kiti cha kike. Basi mume mcha Mungu aliyefunga ndoa na bibi mmoja hujikuta akiishi na bibi huyo pamoja na mgeni wa kiume wa dini nyingine anayedai kinywaji kilicho haramu, na watu wa nyumba hiyo hawana budi kupanga namna ya kuishi. Ada hizi za pepo zimejulikana Mombasa pia, kwa majina na ngoma zake. Nia nne za Charles na Anna si kitu kigeni kwa jamii inayoelewa hayo. Tofauti ni kwamba Briggs amezigeuza kuwa mazungumzo ya meza ya chakula cha jioni.

Mji wenyewe umekaa tayari. Kisiwa kina mipaka inayoeleweka, na viumbe wa hadithi hupenda mipaka: kuna kivuko cha Likoni upande wa kusini na daraja la Nyali upande wa kaskazini. Kule Mbaraki upo mnara wa mawe ya matumbawe wa kama miaka 300, kando ya magofu ya msikiti wa zamani zaidi, na watu wameupelekea ubani na sadaka kwa ajili ya pepo anayeaminiwa kukaa ndani yake. Mombasa, kwa maneno mengine, ina anwani ya pepo inayofikika kwa tuktuk. Mwezi nao hauhitaji kubuniwa kazi. Unapanga Ramadhani na Idi, na unapanga bahari: mwezi ukiwa mpevu, na tena ukiandama, maji huja kwa bamvua, yakapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na wavuvi hupanga safari zao kwa hesabu hiyo. Mgeukaji wa Mombasa angekuwa mtumwa wa jedwali la maji kupwa na maji kujaa, si wa mwezi peke yake.

Shida moja tu ingemkabili, nayo ni baraza. Katika miji ya Marekani mbwamwitu hujificha miaka thelathini kwa sababu hakuna anayemjua jirani yake. Ndia Kuu au Kibokoni, wazee waliokaa nje na kahawa chungu na kashata wangekuwa wamekwisha kuyagundua mambo yote kabla ya mwezi wa pili: nyama inayonunuliwa nyumba ile ni nyingi mno kwa watu wawili, na paka wote wameuhama ule mtaa. Siri ya Mji wa Kale haiwezi kuwa jambo ambalo watu hawalijui. Ni jambo ambalo wote wanalijua na wamekubaliana kutolitaja, kwa sababu ya heshima ya nyumba, au kwa sababu bibi wa nyumba hiyo alimuuguza mtoto wa fulani. Mwandishi atakayeelewa hilo atakuwa na aina ya fumbo ambayo Briggs, na milima yake ya Montana, hawezi kuiandika.

Maandishi yaliyopo yanaonyesha kwamba njia imekuwa wazi muda mrefu. Katika mkusanyo wa hadithi za Unguja ambao Askofu Edward Steere aliuchapisha mwaka 1870 kuna kisa cha Sultani Majinuni na paka wake, anayeanza kwa kula mifugo, akaendelea na watu, hadi akawa nunda. Sultani anamtetea kila hatua kwa kuwa paka ni wake, mpaka watoto wake mwenyewe wanaliwa. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, anawageuza ndugu wawili wahasidi kuwa manyani kwa amri ya jini aitwaye Huria, na kumtwisha Adili kazi chungu ya kuwapiga kila usiku. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, anamleta mzuka kuwasuta walioiuza nchi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi wa Dar es Salaam alitengeneza filamu za kutisha Nsyuka na Shumileta, zilizofungua soko kubwa la mikanda ya majini na mizuka. Katika kazi zote hizi ajabu ni adhabu, fumbo la kisiasa au kitisho. Karibu hakuna mahali inapokuwa makazi.

Mombasa ilipata kitabu chake mwaka 2021. The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, mwandishi wa mji huo mwenye asili ya Hadhramaut, ilikuwa ya kwanza kushinda tuzo ya Afrika ya wachapishaji wa Graywolf nchini Marekani, na mwaka 2022 ikanyakua tuzo ya kwanza kabisa ya Ursula K. Le Guin, yenye dola 25,000. Aisha, msichana wa Kihadhrami, anaingia baharini kwa mashua ya mifupa kumtafuta baba yake mvuvi, akiongozwa na Hamza, paka wa msomi. Kunguru wanasengenya, na mazimwi ya bahari yana adabu zao. Mji uliomo humo si wa watalii. Una bibi mkali anayejua thamani ya binti aliyeolewa vizuri, na kitabu kinaupa woga wa kuolewa uzito ule ule kinaoupa woga wa papa. Ni kazi bora, na imethibitisha kwamba maajabu ya Mombasa yanaweza kusomwa popote bila kupunguzwa chumvi. Imeandikwa kwa Kiingereza, ni riwaya moja, na shujaa wake yuko kabla ya ndoa. Nafasi ya pili, ile ya baada ya ndoa na kwa Kiswahili, bado iko wazi.

Pingamizi ya kidini hutajwa mara nyingi, na inastahili jibu. Wazazi wengi wa Mji wa Kale huchelea kwamba riwaya za majini huwazoeza vijana kuwaendea waganga na kuomba msaada pasipo Mungu. Wasiwasi huo una msingi pale hadithi inapouza hirizi. Lakini kumtaja jini si kumwabudu. Kumwamini yupo ni sehemu ya itikadi yenyewe, na mabibi waliokuwa wakisimulia nunda na mazimwi baada ya isha walikuwa wacha Mungu kuliko wajukuu wao. Riwaya inayoonyesha watu wawili wakishikamana na ahadi yao huku mmoja wao akiwa na maumbile magumu ina mafunzo mengi ya dini kuliko tamthilia za televisheni ambazo wazazi hao hao huzitazama kila jioni.

Mambo ya kuandikwa ni tele, na mengine yanachekesha kwa uzito wake. Bibi arusi wa kijini ana walii gani, na atafika vipi msikitini? Mahari yake yatakuwa fedha ya nchi ipi? Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa hapo. Jini Mwislamu, kwa kuyasoma maneno hayo tu, angeweza kudai haki yake. Mavyaa atasema nini akigundua mkaza mwanawe hali chumvi, au anaikwepa harufu ya ubani fulani? Na watoto watarithi nini? Kila swali kati ya haya linatosha kitabu kimoja, na ndiyo sababu umbo la mfululizo linaifaa habari hii kuliko hadithi fupi ya kutisha.

Wachapishaji wa Kenya huishi kwa vitabu vya shule, na mfululizo wa fantasia kwa watu wazima hauingii katika mtaala. Hilo si sababu ya kungoja. Hadithi za mfululizo za Kiswahili zimeishi miongo mingi katika magazeti, sura moja kwa wiki, na sasa zinaishi kwenye simu. Mwandishi wa Mombasa anayeifikiria kazi hii na aianze gazetini au kwenye simu, kwa Kiswahili cha mtaa wake, na maharusi wake wawe wamekwisha kuoana katika sura ya kwanza. Wasomaji wanaonunua Briggs kwa mitumba wapo, na wataisoma.